Barua za wasomaji: Nyumba ya sokwe huanza na wenzake

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi sokwe yatima wanavyolelewa katika vituo vya hifadhi kama Ngamba kule Uganda, Sweetwaters pale Ol Pejeta nchini Kenya, na Chimfunshi nchini Zambia. Barua nyingi zilizorudi zimetoka mkoa wa Tanga, ambako sokwe wa porini hayupo. Wetu wako magharibi, Gombe, Mahale na misitu ya Kigoma na Katavi, na kisiwani Rubondo wapo wa uzao wa sokwe 17 walioachiwa huko kati ya 1966 na 1969. Lakini Tanga ina mafundi chuma, ina kamba, ina chuo cha mifugo, na maswali yaliyokuja ni ya watu wenye kazi mkononi. Tumejibu sita.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Chumbageni. Nimepata kazi na mkandarasi anayejenga mabanda ya sokwe 12 katika kituo kimoja nje ya nchi. Ramani ina vyumba viwili vikubwa, nondo za milimita 16 zilizosimamishwa, na mlango mmoja kati ya vyumba. Nimezoea mageti na madirisha. Kuna la kuangalia kabla sijakata chuma?

Lipo, bwana fundi, na la kwanza ni huo mlango mmoja. Sokwe hugombana, hilo halizuiliki. Porini aliyezidiwa hupanda mti au hujitenga na wenzake hata siku kadhaa, kwa kuwa kundi la sokwe hugawanyika na kuungana tena kila siku. Ndani ya chumba chenye mlango mmoja, mbabe hukaa mlangoni na mnyonge hana pa kutokea. Majeraha mabaya mengi hutokea kwenye kona, mahali sokwe amebanwa. Basi kila chumba kiwe na milango miwili iliyo mbalimbali, na vyumba vizungukane kama duara ili anayekimbia asifike mwisho wa njia. Kwa sokwe 12, vyumba vitano vya wastani vilivyounganishwa hivyo ni bora kuliko viwili vikubwa. Mwambie mkandarasi wako sasa, maana kutoboa ukuta baadaye ni gharama mara mbili.

Milango hiyo iwe ya kusukuma pembeni, si ya kushuka kutoka juu, kwani wa kushuka ukiponyoka huvunja vidole na mgongo. Uwazi wa sentimeta 80 kwa 100 humtosha dume mzima kupita mbio. Reli iweke juu. Ya chini hujaa nyasi na kinyesi, na mlango utagoma siku ile mnapouhitaji kwa haraka. Fimbo ya kusukumia ifike kwenye ujia wa wahudumu, mahali anapoweza kuona vyumba vyote viwili, na iwe na tundu za pini za kuufunga mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Wengi husahau pini ya kuuacha wazi, kumbe sokwe mmoja akiufunga yeye mwenyewe amemtenga mwenzake na msaada. Weka pia vitundu vya watoto vya upana wa sentimeta 25 hivi, wapate kumponyoka mkubwa. Uliza kwanza umri wa watoto waliopo, kwa sababu wanakua.

Hizo nondo za kusimama, tungeziacha. Pengo lake hupitisha mkono mzima, na sokwe aliyeshika vidole vya mhudumu havirudishi. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya sentimeta 5 kwa 5 na waya usiopungua milimita 5. Sokwe wazima watatoa vidole tu, na wataweza kuchambuana manyoya na jirani wa upande wa pili, jambo utakaloona umuhimu wake katika barua ya mwanachuo hapo chini. Wavu ukae upande wa ndani wa fremu ili wakiusukuma waukandamize kwenye fremu badala ya kuung'oa. Chomelea kila waya unapokutana na fremu, usiruke hata mmoja. Nati yoyote wanayoifikia wataifungua, wana subira kukushinda, kwa hiyo ichomelee ikishakazwa. Piga tupa kila ncha na kila donge la kuchomelea. Ujia wa wahudumu usipungue mita 2 ikiwa pande zote mbili kuna sokwe, na mstari mwekundu uchorwe katikati.

Kutu ya huko haitatoka baharini kama kwetu. Itatoka kwenye mkojo, na itakula sentimeta 30 za chini. Inua kizingiti cha zege kiasi hicho, wavu uanzie juu yake. Sakafu iteremke sentimeta 2 kwa kila mita kuelekea mfereji ulio nje ya wavu. Ukichomelea chuma chenye zinki, moto huunguza zinki pale pa maungio na kutu huanzia hapo hapo. Afadhali fremu ikamilike ndipo ichovywe kwenye zinki. Isipowezekana, sugua maungio kwa brashi ya chuma na upake rangi ya zinki tabaka mbili. Rangi yenye risasi isikaribie banda, wanatafuna kila kitu.

Kuhusu ukubwa, mwaka 2013 jopo lililoishauri Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani lilipendekeza kundi lisipungue sokwe 7, kila mmoja apate futi za mraba 1,000, yaani mita za mraba 93 hivi, na kimo cha kukwea kisipungue futi 20, kama mita 6. Taasisi iliyakubali karibu yote, ila hilo la eneo ikasema lichunguzwe zaidi. Vyumba vya usiku haviwezi kufikia eneo hilo, ni uwanja wa nje unaohesabiwa. Lakini kimo usikiachie. Sokwe porini hujenga kiota kipya juu ya mti kila usiku, na aliye chini sakafuni hujiona hatarini. Jenga vichanja vingi kuliko idadi ya sokwe, vya viwango tofauti, visikae wima kimoja juu ya kingine, maana wa juu atamkojolea wa chini.

Milango ya watu iwe miwili mfululizo, wa pili usifunguliwe kabla wa kwanza haujafungwa, kila mmoja na kufuli yake. Aprili 2006, katika kituo cha Tacugama huko Sierra Leone, sokwe 31 walitoka na mtu mmoja akauawa. Kagua kazi yako ukijua hilo.

Nauza kamba za mkonge Ngamiani. Kituo kimoja kimeniulizia kamba za kukwea sokwe. Nipeleke ya unene gani, na je, mkonge unafaa?

Unafaa, kwa masharti. Peleka ya milimita 30 hadi 40. Nyembamba huwakata viganja na ni rahisi kumzunguka mtoto shingoni. Waulize wanunuzi watakavyoifunga: ncha zote mbili zikazwe, kamba ivutike, kisibaki kitanzi wala pindo popote. Ya kuning'inia kwa ncha moja iwe fupi kiasi kwamba haiwezi kujifunga fundo.

Usiwauzie kamba nyembamba za kufungia marobota ya majani. Nyingi hutiwa dawa ya kuzuia panya na wadudu. Hata kamba nene husokotwa kwa mafuta ya kulainishia nyuzi, basi uliza kiwandani upate iliyosokotwa kwa mafuta machache au ya mimea, na ianikwe wiki kadhaa kabla ya kuwekwa. Ubaya wa mkonge ni nyuzi. Ukinyeshewa na kukauka mara nyingi hufumuka, sokwe huzichomoa na kuzimeza, nazo hujisokota tumboni na kuziba matumbo. Kamba ikianza kuota manyoya, ishushwe. Mwambie mnunuzi wazi kwamba ya nje inaweza isimalize mwaka. Atarudi kwako, na sokwe wake watakuwa salama.

Kwa vitanda vya kuning'inia, mipira chakavu ya maji ya zimamoto ni bora. Husukwa kama ukili wa mkeka na kukazwa kwa bolti zenye washa pana.

Shikamooni wahariri. Nasoma chuo cha mifugo, Buhuri. Nakwenda mafunzo ya vitendo miezi minne katika kituo cha sokwe, na nimeambiwa nitasaidia kumuunganisha dume wa miaka 9 aliyefugwa peke yake nyumbani kwa mtu, na kundi la sokwe 11. Ng'ombe tunawafungulia zizi, wanapigana siku mbili yanakwisha. Kwa sokwe hatua ni zipi?

Marahaba. Ng'ombe umsahau kabisa katika hili. Dume mgeni kwa sokwe ni adui wa mpakani. Gombe, kati ya 1974 na 1978, madume wa kundi la Kasakela waliwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, ambao awali walikuwa wenzao. Mkimfungulia tu, mtamwokota maiti. Bahati yenu ni umri wake. Wa miaka 9 bado ni kijana, madume hawajamhesabu kuwa mshindani. Akifika 13 au 14 kazi inakuwa ngumu mara kadhaa, kwa hiyo kituo hakina muda wa kupoteza.

Kwanza karantini, ambayo vituo vingi huifanya siku 90 na kupima kifua kikuu zaidi ya mara moja. Wewe nawe pima kifua kikuu kabla ya safari, na ukiwa na mafua usiingie kazini. Maradhi yetu huwaingia upesi. Polio ilishambulia sokwe wa Gombe mwaka 1966, na mafua ya kawaida kwetu yanaweza kuua mtoto wa sokwe. Katika siku hizo 90 asiwekwe mahali pa kimya. Awasikie wenzake, na ikiwezekana awaone kwa mbali. Aliyekua peke yake hajui lugha: hajui kwamba mdogo humwendea mkubwa akiinama na kuguna kwa pumzi fupi fupi, hajui kugeuza mgongo achambuliwe. Hayo hajifunzi kwa binadamu.

Kisha mchague mwalimu wake. Asiwe dume mkuu. Jike mtulivu mwenye heshima kundini ndiye anayefaa, au kijana mpole wa rika lake. Wakae vyumba jirani, wavu kati yao. Hapa usihesabu siku, tazama vitendo. Dalili njema ni kula karibu na wavu kila mmoja upande wake, kutoa mgongo, kupiga-piga midomo huku wakichambuana manyoya kupitia matundu. Dalili mbaya ni manyoya kusimama kila wanapoonana, kugonga wavu, kutema maji, kuvuta vidole vya mwenzake. Wengine huchukua siku tano, wengine wiki sita.

Siku ya kufungua iwe asubuhi, baada ya kula, daktari yupo na wageni hawapo. Sakafu ijazwe nyasi kavu, ndani yake zitawanywe mbegu na karanga chache kila mahali. Chakula cha thamani kisiwepo. Kosa la kawaida ni kumwaga ndizi ili "kuwatuliza", kumbe hapo ndipo ugomvi unapopata sababu. Kosa lingine ni kufungua saa kumi jioni, giza likaingia wakiwa bado hawajapatana. La tatu ni kufungua siku ambayo jike amevimba nyuma, yaani yuko tayari kupandwa, na madume wapo karibu. Milango yote ya vyumba vinavyozungukana iwe wazi na pini ndani. Anza na nusu saa, siku inayofuata ongeza.

Kutakuwa na makelele ya kutisha, nawe mkono utakuwasha uwatenganishe. Jizuie. Mtafiti Frans de Waal, akiwatazama sokwe wa bustani ya wanyama ya Arnhem nchini Uholanzi miaka ya 1970, alionyesha kwamba baada ya ugomvi wao hutafutana, hukumbatiana na kubusiana. Ukiwatenga kila wanapopiga ukelele unawanyima upatanisho, na kesho wataanza wakiwa na kinyongo. Kidole kilichochubuka au sikio lililochanika ni la kuvumilia. Usivumilie wawili au zaidi wakimkandamiza mmoja, kuumwa sehemu za siri, au anayepigwa akiacha kulia na kujitetea. Hapo ni mpira wa maji wenye nguvu, kelele za ghafla, na mlango kufungwa mara anapopenya. Mtu haingii, hata kama sokwe yule alilelewa naye kwa chupa. Dume mzima ana kilo 50 au 60 na chonge ndefu kali.

Akishaelewana na wa kwanza, ongezeni mmoja mmoja, na yule rafiki wa kwanza awepo kila mara. Dume mkuu aje karibu na mwisho, tena bila washirika wake, kwa sababu hatari ya madume ni kuungana. Akimkubali kijana mbele ya majike, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayewazuia wengine. Mkikwama, rudini hatua moja.

Yote yaandikwe: tarehe, nani na nani, saa ya kufungua, nani alisimamisha manyoya, nani alimchambua nani na kwa dakika ngapi, nani alikaa wapi kulala. Tanga twasema waja leo waondoka leo. Wewe utaondoka baada ya miezi minne na huenda kazi hii ikachukua mwaka, naye huenda akaishi na kundi hilo hata miaka 40 mingine. Atakayepokea kazi yako hana cha kushika ila hilo daftari.

Mimi mama muuza matunda, soko la Mgandini. Sokwe si anapenda ndizi? Kwa nini tunaambiwa zisiwe nyingi?

Anazipenda, mama, kama mtoto anavyopenda pipi. Ndizi mbivu zetu zina sukari nyingi kuliko matunda mengi ya msituni, ambayo yana nyuzi na uchachu. Sokwe wa kufugwa hunenepa, huoza meno, hupata kisukari, na ugonjwa wa moyo ni miongoni mwa wauaji wao wakubwa. Kinachowafaa zaidi katika meza yako ni matembele, mchicha, kabichi, matango, bilinganya na maboga, pamoja na matawi mabichi ya mpera au mkuyu wanayomenya magome.

Tena wasipewe kwa sinia moja. Porini wao hushinda karibu nusu ya siku wakitafuta na kula. Chakula cha siku kigawanywe mara tano au sita, kitawanywe sehemu nyingi kuliko idadi yao, la sivyo wakubwa wawili watakikalia. Dafu zima na kumbi lake humshughulisha mmoja muda mrefu. Vituo pia hutengeneza kichuguu cha bandia: bomba nene lenye matundu ya sentimeta moja na nusu, limejazwa uji mzito au asali, kisha wanapewa vijiti. Tundu likiwa pana hadi kidole kiingie, hawatashika kijiti. Pawe na matundu mengi mbalimbali, maana penye tundu moja mkubwa hukaa, wengine hutazama.

Mwalimu, Makorora. Wanafunzi wangu hutazama video za sokwe mdogo aliyevaa nguo akicheka. Niwaambie nini?

Waambie watazame midomo. Sokwe anayecheza na kufurahi hulegeza mdomo wazi, meno ya juu hufunikwa. Anayetoa meno yote ya juu na ya chini ana hofu. Waambie pia waulize mama yuko wapi. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne au mitano na hulala kiota kimoja na mama yake. Aliyetolewa porini, mara nyingi mama aliuawa akimtetea. Na waulize kwa nini katika video hizo hakuna sokwe wa miaka 15. Akifika miaka 7 hivi anakuwa na nguvu za kumjeruhi mtu, anafungiwa, na ndiye huyo dume wa barua ya mwanachuo. Biashara ya kimataifa ya sokwe wa porini imekatazwa chini ya CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini.

Muuguzi, Pongwe. Nimesikia sokwe majike huwekewa vijiti vya uzazi wa mpango. Ni kweli? Si wako hatarini kutoweka?

Ni kweli, dada, na ni vile vile mnavyowawekea akina mama mkononi. Sokwe wa porini wako hatarini, lakini kuzalisha kituoni hakuwasaidii, kwa kuwa aliyezaliwa bandani ni vigumu sana kumrudisha msituni. Kila mtoto anayezaliwa huweza kuchukua nafasi ya hata miaka 50 ambayo yatima wa kesho angeihitaji. Ngamba, kwa mfano, ni kisiwa cha hekta 40 hivi na hakitanuki.

Kuwatenga madume na majike ili wasizae ni tiba mbaya kuliko ugonjwa, huvunja kundi. Ndiyo maana kijiti hupendelewa. Tofauti na wateja wako ni kwamba sokwe huchokonoa kidonda. Wengine huweka kijiti katikati ya mabega, mwenyewe asipoweza kufikia, lakini rafiki anayemchambua manyoya ataona mshono na kuuvuta. Basi uzi ufichwe chini ya ngozi, jike akae siku chache na mwenzake asiye mdadisi, na kijiti kipapaswe kila anapopewa dawa ya usingizi kwa sababu nyingine. Tarehe ya kwisha nguvu iandikwe ukutani kwa kila jike. Mimba za vituoni mara nyingi hutokana na tarehe iliyopita, au kijiti kilichokwishadondoka zamani kwenye nyasi. Mzunguko wao ni siku 36 hivi na mimba ni kama miezi minane, kwa hiyo ukikosa kuhesabu mizunguko miwili tayari umechelewa.